Hongera Wapishi wa Shughuli

Ukitaka kujua kama shughuli itafana, iwe Musoma, Bunda au Butiama, zunguka nyuma ya nyumba. Huko kwenye moshi ndiko waliko akina mama wapishi, waliofika alfajiri na visu vyao. Nawapongeza kwa moyo wote.

Hawana mizani. Wanahesabu vichwa, wanatazama masufuria, wanajua. Wageni wakizidi, mchuzi wa sato huongezwa nyanya na maji, ugali wa muhogo na mtama husongwa tena, na hakuna anayeondoka na njaa.

Ila kinachonivutia zaidi ni namna wanavyooka keki bila oveni. Sufuria kubwa hutandazwa mchanga mkavu na kupashwa moto, sufuria ndogo yenye mchanganyiko hukaa juu ya mchanga, kisha makaa hupangwa juu ya mfuniko. Ya juu huwa mengi kuliko ya chini, keki isiungue kitako. Sukari ikipungua, ndizi zilizoiva hadi maganda yakawa meusi hupondwa na kuingia kwenye unga. Msimu wa maembe, kuelekea Krismasi, rojo la embe hushika nafasi ya maziwa. Harufu ikifika uani, kijiti huchomwa katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Mshereheshaji hushangiliwa, wapishi hula mwisho, wamesimama, tena ukoko. Si haki. Ukiwa na shughuli, watengee sahani zao mapema, na uwalipe siku hiyohiyo.