Haya, Aibu au Woga?
Katika hadithi ya katuni ya Mjapani Tomohito Oda (2016–2025), mwanafunzi Komi hushindwa kutamka neno mbele ya wenzake. Mazungumzo yake ya kwanza na Tadano huyaandika ubaoni kwa chaki. Kichekesho chatokana na darasa kukidhania kimya chake kuwa ni utukufu.

Tumwiteje? “Haya” ni sifa njema. “Aibu” hubeba pia fedheha. “Bubu” ni kosa. Twapendekeza “woga wa kuzungumza”.

Karagwe na Kyerwa, mtoto aliyelelewa kwa Kinyambo hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Akinyamaza, mwalimu asiharakie kumwita mjinga. Huenda ni woga. Jina likikosewa, msaada nao hukosewa. Katuni hii yastahili kufasiriwa.