Barua Isiyojibiwa

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusahihisha insha za walimu wanafunzi, na mazoea hayo hayajanitoka. Hata barua ya Argula von Grumbach niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1492 katika ukoo wa kikabaila huko Bavaria, Ujerumani. Septemba 1523 chuo kikuu cha Ingolstadt kilimlazimisha Arsacius Seehofer, kijana wa miaka 18, kuyakana hadharani mafundisho ya Luther, la sivyo achomwe moto. Alikana huku akilia, kisha akapelekwa kufungiwa katika monasteri ya Ettal. Wasomi wa kiume walinyamaza. Argula, mke na mama, aliwaandikia wakuu wa chuo, na katika muda mfupi barua ikachapishwa zaidi ya mara 10.

Kasoro yake ni dhahiri. Aya za Biblia zimerundikwa moja juu ya nyingine hata msomaji hukosa pumzi, na kijana mwenyewe karibu anapotea humo. Nilikuwa tayari kuandika pembeni: "Punguza." Kisha nikakumbuka alikuwa akiandika kwa nani. Hakuwa na shahada wala Kilatini. Alichokuwa nacho ni Biblia ya Kijerumani, aliyopewa na baba yake akiwa na miaka kumi. Nikaghairi.

Uzito wa barua hiyo, kwa maoni yangu, uko katika dai lake kwamba waonyeshe kosa liko wapi. Anajitolea kufika mbele yao wajadiliane kwa Kijerumani, lugha ambayo kila mtu ataielewa. Anawakumbusha wasomi wale kazi yao wenyewe: mwanafunzi akikosea hujibiwa kwa hoja, hatishwi kwa moto.

Hapo ndipo iliponichoma. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika chuo ambacho sitakitaja, mwanafunzi mmoja alisimamishwa mbele ya wenzake asome barua ya kuomba radhi kwa ajili ya swali aliloliuliza darasani. Darasa lile lilikuwa langu, na swali lilikuwa halali. Niliketi mstari wa mbele pamoja na walimu wenzangu, na alipomaliza nikapiga makofi. Nilijiambia kwamba nina mshahara wa kulinda na watoto wa kulisha.

Argula naye alikuwa na watoto. Mumewe, ambaye hakuifuata imani yake, alifukuzwa kazi kwa sababu ya barua ile. Chuo hakikumjibu, alichopata ni shairi la matusi, naye akalijibu kwa shairi. Baada ya 1524 hakuchapisha tena. Mimi, baada ya makofi yale, nilipandishwa cheo.

Kwa hiyo sikumpa alama. Barua yake ina aya nyingi kupita kiasi, lakini aliiandika na kuipeleka. Yangu sikuiandika.