Hofu Yenye Ukoo

Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert limo tukio ambalo, kwa kutisha, bado sijaona la kulishinda katika Kiswahili. Ikibali, mjumbe wa mfalme, amefikia Janibu, nyumbani kwa Adili, liwali anayesifiwa na kila mtu kwa wema. Usiku, nyumba ikiisha kutulia, anamchungulia mwenyeji wake na kumwona akiwachapa viboko manyani wawili. Akimaliza kuwachapa, analia na kuwabembeleza. Usiku wa pili hali ni ile ile. Manyani hao, Hasidi na Mwivu, ni ndugu zake, na kuchapwa kwao ni amri ya jini ambayo Adili hana uwezo wa kuivunja.

Kitabu kilitoka mwaka 1952, na asili ya kisa imo katika Alfu Lela Ulela. Wengi walikisoma shuleni kwa ajili ya mafunzo yake. Mimi nimekirudia hivi karibuni, huku Mbarara, pamoja na riwaya nyingine za kutisha, na safari hii mafunzo sikuyatazama sana. Nilitazama mkono wa fundi. Shaaban hapandishi sauti hata kidogo. Hakuna upepo unaovuma ghafla wala bundi anayelia juu ya paa. Kuna chakula cha jioni, mgeni kuaga kwenda kulala, kisha kiboko, kwa saa ile ile, kama mtu anayekwenda kufunga zizi. Ule utaratibu ndio unaokausha mate kinywani.

Baada ya hapo nilisoma Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o, ya mwaka 1977, ambamo kijana anaachiwa uchawi na baba anayekata roho. Halafu Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001: K, mkubwa mwenye mali na cheo, anajiwa na babu yake aliyekwisha kuzikwa. Ndugu, baba, babu. Nilipoviweka vitabu hivi vitatu pamoja niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona nilipovisoma kimoja kimoja: kinachotisha hakitoki nje. Kinaingia kwa haki ya ukoo, na haki hiyo ndiyo inayomfunga mikono mhusika. Jambazi unaweza kumfukuza. Baba anayekufa akikunyooshea urithi wake, utaukataa kwa maneno gani, na mbele ya nani?

Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, ni mgeni. Anafika Uingereza kwa meli, na wenyeji wakishamtambua wanaungana kumwinda. Ni riwaya kubwa, naipenda, lakini hofu yake inanipa nafuu mapema mno, kwa kuwa adui anajulikana na upande wangu naujua. Stephen King alikwenda mbali zaidi katika Pet Sematary, mwaka 1983, alipomfanya baba amzike mwanawe mahali ambapo wafu hurudi. Pale nafuu haipo, maana anayerudi ni mtoto, na aliyemwita ni mzazi wake.

Hofu hiyo ya ukoo nimeifikiria zaidi Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi, wilayani Isingiro, yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Kiswahili utakisikia katika sehemu yake iitwayo Base Camp kutoka asubuhi hadi usiku, na kitabu cha Kiswahili kikifika huko hupita mikono mingi mpaka jalada linaachana na kurasa. Mtu atadhani waliokimbia vita hawana hamu ya hadithi za mizimu. Wanayo. Nilipomsimulia Babu Alipofufuka mama mmoja kutoka Kivu, hakuniuliza kama mizimu ipo au haipo. Aliuliza: "Huyo babu, nyumba ya mjukuu wake aliijuaje?"

Swali hilo nimekaa nalo. Makaburi ya wazee wa mama huyo yako ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, na hapa anaishi kwenye kiwanja alichopewa na ofisi. Babu akija, mama huyu angeogopa kama K anavyoogopa. Angefurahi pia kwamba ametafutwa. Tangu siku hiyo naamini kwamba riwaya ya kutisha iliyo bora inabeba yote mawili kwa pamoja, hofu na hamu, na ndiyo maana namrudia Adili: mkono unaochapa ndio unaobembeleza. Mwandishi wa kawaida angeishia kwenye kiboko.

Kwa kipimo hicho, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, inaniacha na njaa. Kurasa za mwanzo, maiti ikiwa imeonekana mzimuni, zinasisimua mwili. Kisha anaingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kila kitu kinapata maelezo ya kibinadamu. Ni upelelezi wa hali ya juu, sina ugomvi nao, ila mzimu ulioazimwa kututisha unarudishwa kabla hatujaujua. Na hadithi za majini zinazotoka vipande vipande magazetini zina kosa la upande wa pili: kila kipande kinataka kishindo, na msomaji anazoea.

Natamani riwaya ya Nakivale yenyewe. Mwandishi wake asianze na usiku wala na risasi. Aanze na familia inayokula maharage na ugali, sahani zikiwa zimehesabika, na mzee anayebisha hodi kwa lafudhi ya kijijini kwao, akiwataja watoto majina yao, hata yule aliyezaliwa hapa. Asituambie mzee huyo ni nani mpaka ameshakaribishwa, amenawa mikono na kukaa, na mama wa nyumba ameshampakulia.