Saisi na Siasa ya Kale

Katika Kiswahili mtunzaji wa farasi huitwa saisi, na neno hilo lina ndugu ambaye wasemaji wengi wa leo hawamtambui. Saisi limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kumtunza mnyama na kumwongoza, na katika mzizi huohuo ndimo lilimozaliwa neno siasa, ambalo siku hizi hutumika karibu daima kwa mambo ya vyama, kura na serikali. Hata hivyo, kamusi za zamani za Kiswahili zilihifadhi maana nyingine: kutenda jambo kwa siasa kulikuwa kulitenda kwa upole, kwa utaratibu na kwa uangalifu, pasipo papara wala nguvu zisizohitajika. Insha hii inaishika maana hiyo ya kale, kwa kuwa hapana maelezo mafupi yanayoufaa zaidi ufundi wa saisi. Na anayetafuta riziki katika mabanda ya farasi, awe na cheti au asiwe nacho, hana budi kuanza kwa kujifunza siasa ya namna hiyo.

Sababu imo katika maumbile ya mnyama mwenyewe. Farasi mzima huweza kufikia uzito wa kilo 500 na zaidi, lakini silika yake ni ya mnyama anayewindwa, ambaye kwa maelfu ya vizazi alisalimika kwa kukimbia kwanza na kuchunguza baadaye. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele ya paji lake na nyingine iliyo nyuma yake moja kwa moja. Na kitu kinachojitokeza ghafla kutoka sehemu hizo humtia hofu hata kama ni mkono wa mtu aliyemzoea. Ndiyo maana saisi humwendea kutoka ubavuni, kuelekea bega la kushoto, huku akizungumza ili sauti itangulie mkono, na akitaka kupita nyuma hupita karibu kabisa, kiganja chake kikiwa juu ya mgongo wa farasi, ama hupita mbali pasipofikiwa na teke. Mtu wa kilo 60 hawezi kumshinda kwa mabavu mnyama wa ukubwa huo. Anachoweza ni kumfanya aone kwamba hapana haja ya kushindana.

Kazi ya kila siku huanza kabla ya mapambazuko, na kwa mtazamaji wa mbali huonekana kuwa ya ufagio, ndoo na uma wa kuzolea samadi tu. Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo ya kufagia ndiyo saa ya uchunguzi. Saisi aliyekomaa hutazama matandiko ya maranda aone kama farasi alilala kwa utulivu au aligaagaa. Huangalia samadi ni kiasi gani, ni laini au kavu. Hupima kwa jicho maji yaliyopungua, maana farasi huhitaji kati ya lita 20 na 40 kwa siku kutegemea joto na kazi. Kisha hupitisha kiganja kwenye miguu yote minne akitafuta mahali palipo na joto kuliko penzake, kwa sababu mshipa ulioumia hupata joto kabla ya kuvimba. Akitilia shaka, hubana vidole kwenye mshipa wa damu upitao chini ya taya na kuhesabu mapigo, ambayo kwa farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Uangalifu huu una uzito wa pekee kwa kuwa farasi hawezi kutapika, na utumbo wake mrefu huziba au kujisokota kwa urahisi. Maumivu hayo ya tumbo yaweza kumuua kwa muda wa saa chache, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni ndogo sana: farasi kugeuza shingo na kutazama ubavu wake, au kuacha chakula alichokuwa akikipenda jana.

Miguuni ndiko ufundi mmoja unapozaa ufundi wa pili. Kwato hukua kama ukucha, takribani milimita sita hadi kumi kwa mwezi, na ndani yake mna tishu zenye uhai na mfupa, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hadi nane huhitaji kukatwa na kusawazishwa, na kwa farasi wa kazi ngumu huhitaji kuvishwa chuma. Saisi huinua kila wayo na kuusafisha kwa kulabu ndogo, akiutoa uchafu ulionasa pembeni mwa ule mto wa pembetatu ulio katikati ya wayo. Lakini anayepigilia chuma ni fundi mwingine, mhunzi wa kwato, ambaye lazima ajue kufua chuma motoni na pia ajue ni wapi ukuta wa kwato usio na hisia unapokoma, kwani msumari uliopotoka kidogo tu huingia katika nyama hai. Nchini Uingereza chama cha mafundi hao kina historia inayorudi hadi 1356, na sheria iliyotungwa mwaka 1975 inamzuia mtu yeyote ambaye hajasajiliwa kumvisha farasi chuma. Kijana hukaa miaka kadhaa chini ya bwana wa kazi, akianza kwa kushika mguu wa farasi na kutazama, kabla ya kukabidhiwa nyundo.

Elimu hii ni miongoni mwa elimu za kazi zilizoandikwa mapema kabisa duniani. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, mtu aitwaye Kikkuli, kutoka nchi ya Mitanni, aliwatungia Wahiti maelekezo ya kuwazoeza farasi wa magari ya vita, yakaandikwa juu ya vigae vya udongo, siku baada ya siku, kwa zaidi ya miezi sita: umbali wa kwenda, kipimo cha chakula, wakati wa kuogesha na wa kupumzisha. Miaka elfu moja hivi baadaye, Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari, aliandika kitabu chake juu ya upandaji, na humo akasisitiza kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Waarabu nao waliita elimu ya farasi na ushujaa wa kumpanda furusiya, neno linalotokana na faras, ambalo ndilo lililowapa Waswahili jina la mnyama huyu. Na huko Baghdad, katika karne ya 9, Ibn Akhi Hizam aliandika juu ya upandaji pamoja na tiba ya farasi, akiviona viwili hivyo kuwa mlango mmoja wa maarifa. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba waandishi hao hawakuyatenga mambo ya banda na mambo ya uwanja: chakula, usafi na subira vimo katika kurasa zilezile zenye vita na mashindano.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mgeni wa elimu hiyo, ingawa farasi hapo walikuwa wanyama wa kasri zaidi kuliko wa shamba. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan aliituma merikebu yake Sultana kutoka Unguja hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, na miongoni mwa zawadi alizompelekea rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Simulizi za safari hiyo hupenda kumtaja sultani, rais na mjumbe. Lakini farasi hawavuki bahari mbili bila mtu wa kuwanywesha maji kila siku, kuwakinga wasianguke merikebu inapoyumba, na kuwatuliza usiku wa dhoruba. Kwa watu wengi wa pwani, hata hivyo, mnyama wa kila siku alikuwa punda, na ndiye aliyeifanya lugha ihifadhi majina ya miendo: telki, yaani mwendo mwepesi wa haraka usiomchosha aliyepanda, matiti, mwendo wa kudundadunda, na shoti, mbio kamili. Ujuzi wa saisi humfaa punda vilevile, na huko Lamu, ambako punda ndio wachukuzi wa mchanga, mawe na mizigo katika vichochoro visivyopitika kwa gari, kuna zahanati ya punda tangu 1987, ambayo imeonyesha kwamba kutunza kwato na meno ni kutunza riziki ya mwenye mnyama.

Kwa nini basi farasi hawakuenea bara kama ng'ombe? Jibu ni wadudu wawili. Mbung'o, mwenye kubeba vijidudu vya nagana, alifunga nyanda pana za misitu na vichaka kwa farasi; na usubi mdogo, usioonekana kwa urahisi, husambaza maradhi yaitwayo homa ya farasi ya Afrika, ambayo pundamilia huyabeba bila kuonekana kuumwa ilhali farasi wengi wanaoyapata hufa. Chanjo ipo, lakini chanjo peke yake haitoshi, na kwa kuwa usubi huo hupendelea kuuma tangu machweo hadi mapambazuko, saisi wa Afrika Mashariki amelazimika kuongeza katika ufundi wake jambo ambalo mwenzake wa nchi za baridi halifikirii sana: kuwaingiza farasi bandani jua lingali juu, na kuziba madirisha kwa wavu. Ndiyo sababu pia kazi nyingi za farasi katika eneo hili zimejikusanya kwenye nyanda za juu zenye baridi, hasa Kenya.

Huko Kenya mashindano ya farasi yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1954 makao yake ni uwanja ulio kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Mtu mashuhuri zaidi katika historia hiyo ni Beryl Markham, aliyelelewa katika shamba la farasi la baba yake huko Njoro, akapata leseni ya ukufunzi akiwa msichana wa takriban miaka 18, na mwaka 1926 farasi aliyemfunza, Wise Child, akashinda mbio za St Leger mjini Nairobi, miaka kumi kabla ya yeye mwenyewe kuruka peke yake kwa ndege juu ya Atlantiki. Lakini katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1942, yumo pia kijana wa Kikalenjin aliyecheza naye utotoni kwa jina la Kibii, na ambaye alipokuwa mtu mzima, akiitwa arap Ruta, alirudi kufanya kazi pamoja naye katika mabanda. Arap Ruta alibahatika kuandikwa. Masaisi wengi wa zama zake hawakubahatika, ingawa orodha za washindi zilizohifadhiwa ni orodha za farasi waliolishwa, kuogeshwa na kutembezwa nao.

Ngazi ya kazi hii, kwa anayeitaka leo, haina siri kubwa. Kijana huanza kwa kusafisha banda, hupewa farasi wawili au watatu wa kuwatunza, kisha, akionekana ana mkono mtulivu na mwili mwepesi, hufundishwa kuwapanda katika mazoezi ya alfajiri. Kutoka hapo njia hugawanyika: mwenye uzito mdogo na ujasiri huweza kuwa joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, mwenye jicho la kupanga na kusimamia huwa mkuu wa banda na hatimaye mkufunzi mwenye leseni, mwingine hugeukia shule za kufundisha watoto kupanda, safari za watalii, mchezo wa polo, au vikosi vya polisi wa farasi. Anayetaka kuwa daktari wa wanyama ana vyuo vikuu, kama vile kitivo cha Nairobi kilichopo Kabete na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nje ya eneo hili, mabanda ya nchi za Ghuba huajiri masaisi kutoka nchi nyingi za Asia na Afrika, na Uingereza kuna mitihani ya ngazi kwa ngazi, inayompima mtahiniwa jinsi anavyofunga tandiko na kuandaa chakula kabla ya kumpima jinsi anavyoruka viunzi.

Kuusifu ufundi huu bila kutaja ugumu wake kungekuwa udanganyifu. Farasi hula Idi na Krismasi kama siku nyingine, teke huvunja mfupa, na mshahara wa saisi mara nyingi haulingani hata kidogo na thamani ya mnyama aliyekabidhiwa. Anayekwenda ng'ambo ana wajibu wa kuusoma mkataba wake kwa makini yaleyale anayotumia kuchunguza mguu uliovimba. Zaidi ya hayo, maarifa mengi ya masaisi wa Afrika Mashariki yamo vichwani na mikononi, yakirithishwa kwa kutazama, na mwenye maarifa yasiyo na karatasi huitwa kibarua hata baada ya miaka 30. Kuyaandika maarifa hayo kwa Kiswahili na kuyatolea vyeti ni haki ambayo mafundi hawa wameisubiri kwa muda mrefu.

Hata hivyo, cheti hakitaondoa mtihani wa awali. Mwajiri mwenye busara hamhoji sana kijana aliyekuja kuomba kazi. Humpa kamba ya farasi asiyemfahamu, akamwambia amtembeze hadi kwenye maji na kurudi, kisha hutazama mambo madogo: kama kijana alisimama kwanza ili farasi amnuse, kama aliacha kamba ilegee, kama alivuta pumzi polepole wakati bati la paa lilipolia kwa upepo. Farasi hajui kabila la aliyeishika kamba, wala shule aliyosoma, wala jina la aliyemleta. Hujua tu kama mkono ulio upande wa pili wa kamba una haraka au una siasa, na akiridhika huinamisha kichwa na kunywa.