Saa 25,000 na Masharti Yaliyokatwa

Makasha ya balbu za LED kwenye rafu za maduka ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mengi yakiwa yameingia kwa mpaka wa Kasindi, yana fani inayostahili kusomwa kwa makini. Mbele kuna tarakimu moja kubwa: 25,000 h. Haina kitenzi wala mtenda. Pembeni, kwa herufi ndogo, 220–240 V. Ahadi imekuzwa, sharti limefichwa pembezoni.

Tuifuate tarakimu hiyo hadi ilikozaliwa. Saa 25,000 za kuwaka mfululizo ni karibu miaka 3, na hakuna kiwanda kinachosubiri hivyo. Utaratibu wa LM-80, uliotolewa mwaka 2008 na jumuiya ya wahandisi wa taa ya Marekani, IES, huwasha chembe za LED kwa saa zisizopungua 6,000, kwenye joto lililodhibitiwa, na kupima mwanga unavyofifia. Kisha mwongozo wa TM-21 wa mwaka 2011 huendeleza mstari wa kufifia huko, usizidi mara 6 ya muda uliopimwa, hadi pale mwanga unapobaki asilimia 70. Andishi asilia, basi, ni masharti matupu: chembe zikikaa kwenye joto hili, zikipitishiwa mkondo huu, zitakadiriwa kufika pale. Kasha limekata kila “ki” likabakiza jibu.

Tena jibu ni la chembe, si la balbu. Fungua iliyokufa: mara nyingi utakuta kisahani cha alumini chenye vichembe vya njano, kimoja kina doa jeusi katikati. Vimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kimoja kikikatika vyote huzima, hata vilivyo vizima kabisa. Ndiyo maana fundi huziba penye doa kwa tone la lehemu, balbu ikawaka tena kwa muda. Pengine kilichokufa ni kapasita ya saketi ya ndani, ambayo joto huichosha upesi. LM-80 haiigusi saketi hiyo.

Makasha mengine huandika miaka 22, kwa hesabu ya saa 3 kwa siku. Nani anasemeshwa hapo? Butembo iko karibu kabisa na ikweta. Giza huingia kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na taa ya mlangoni huwaka hadi alfajiri. Kwa saa 12, miaka hiyo haifiki 6. Na Beni, ambako tangu mauaji ya raia ya Oktoba 2014 usiku umekuwa wa kuhofiwa, taa ya nje si pambo. Kumpa mnunuzi wa huko hesabu ya msomaji wa mbali ni dosari nzito. Hapo bado jenereta, ambayo volti zake hupanda na kushuka.

Kanuni ya taa ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 ina fani bora: balbu nzima huwashwa saa 2 na nusu, ikazimwa dakika 30, mara 1,200. Angalau kuwasha na kuzima kumeingia katika maandishi. Nataka kasha la Butembo liseme hivyo: balbu ziliwashwa mara ngapi, kwa volti zipi, kwenye joto gani, na ngapi zilikuwa bado zinawaka.