Mbishi wa Ngonjera na Kisima Chake

Kila mahafali ya darasa la saba niliyohudhuria kati ya Bagamoyo na Saadani yalikuwa na ngonjera, na kila ngonjera ilikuwa na mbishi wake. Watoto huingia chini ya turubai kwa mistari miwili, wakainama mbele ya mgeni rasmi, kisha mstari wa kulia ukaanza kusifu amani, kodi, usafi, umoja, lolote lile ambalo mwalimu ameona ndilo uraia mwema mwaka huo. Mara kutoka mstari wa kushoto anachomoka mmoja, koti la baba limemfika magotini, anasema hataki. Hapo akina mama huinuka kwenda kumtuza. Noti hubandikwa kwenye paji la uso la anayekataa. Wenzake wanaosema yaliyokubaliwa hupigiwa makofi tu.

Wazazi hao hawapendi watoto wakaidi kuliko wazazi wengine. Nadhani wanatuza kwa kuwa mbishi peke yake ndiye anayesikika kama ana jambo lake mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka hamsini ngonjera imekuwa somo la uraia linalopendwa kuliko yote katika shule zetu, na tumeihukumu kwa ujumbe wake. Mimi nataka kulisoma umbo lake, kwa sababu umbo nalo hufundisha, na wakati mwingine hufundisha kinyume cha maneno.

Asili yake inajulikana. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walipeleke kwa wananchi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeitikia kwa kuipa ngonjera sura tunayoijua. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikaingia shuleni moja kwa moja. Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo naona halijatazamwa vya kutosha: Mnyampala aliwahi kuwa hakimu. Itazame ngonjera kwa jicho hilo. Kuna mdai, kuna mdaiwa, kila mmoja anapewa zamu, kisha shauri linakatwa. Ushairi wa malumbano ulikuwapo pwani hii muda mrefu kabla yake, lakini malumbano ni ya watu wawili kweli. Mshairi akituma shairi lake gazetini, hajui atajibiwa na nani, lini, wala kwa ukali gani. Katika ngonjera ya shule pande zote mbili zimeandikwa kwa kalamu moja. Mwalimu aliyeitunga anajua hukumu kabla ya shauri kusomwa.

Tutazame ubeti. Nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wa mbishi wa shuleni, nisije nikamchambua mtoto wa mtu:

Mkutano mwauita, wake kwa waume twaja,
Hesabu tukitafuta, mwenyekiti hana hoja,
Michango tumeshaleta, kila kaya fungu moja,
Kisima hatujapata, nijibuni ninangoja.

Mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati ta, cha mwisho ja. Ni shairi la kawaida kabisa, na katika ukawaida huo kuna haki kubwa. Atakayemjibu mbishi naye atapata mishororo minne, wala hataongezewa hata silabi moja kwa kuwa anasema jambo linalopendwa na wakubwa. Akipunguza mizani amekosea, awe nani. Sijui somo jingine shuleni ambamo mtoto anayepinga na mtoto anayekubali hupimiwa kwa kibaba kimoja namna hii. Mwenyekiti wa kijiji na mwenye kaya ni sawa mbele ya mizani. Usawa huo haujatangazwa, umehesabiwa.

Tena ona mbishi anavyofunga. Kituo chake kinasema anangoja. Ameacha mlango wazi.

Basi sasa mjibu aingie. Kanuni inamtaka afuate vina vilevile, ta na ja. Atafute nini? Mtu yeyote aliyepitia shule za Tanzania ameshalisikia neno linalokuja kabla hajalitafuta: umoja. Mjibu atasema tudumishe umoja, na kina kitaitika, na sikio litaridhika, na kwa kuwa sikio limeridhika tutadhani swali limejibiwa. Hapa ndipo urembo wa kina unapotumika vibaya. Sauti imefika nyumbani, kisima hakijafika. Kisha katika ubeti wa mwisho mbishi anatubu. Anavua koti, anakichukua kiitikio cha wenzake, wote wanainama. Ubeti mmoja unatosha kumgeuza, na hakuna aliyemwonyesha hesabu wala tone la maji.

Mtoto aliyesimama pale amejifunza kitu, na amekijifunza kwa mwili wake, kwa kukariri na kuinama: kwamba swali ni ujinga ambao haujatibiwa, na raia mwema ni mbishi aliyekwisha kupona. Naona hilo ni jambo zito. Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao Mwalimu Nyerere aliutoa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio lenyewe, uliitaka shule ijenge akili ya kuuliza na moyo wa kujiamini wa mtu huru aliye sawa na wenzake. Ngonjera ilizaliwa kulitumikia Azimio, na mizani yake inakubaliana na waraka huu. Tamati yake inaukana.

Mgawanyo mwingine hutokea palepale kwenye mahafali. Baada ya ngonjera husomwa risala, nayo ni nathari. Ndani ya risala ndimo wanamotaja upungufu wa madawati, nyumba za walimu, maji. Kero zimewekwa katika nathari ya kuomba, kukubali kumewekwa katika ushairi. Kinachokaririwa na kubaki kichwani mpaka uzeeni ni ushairi.

Darasani hali haikuwa bora. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, somo la Siasa lilipisha somo la Uraia, na sekondari Uraia ulifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana wa Kiwangwa aliyetaka kusema haki yake kwenye mkutano wa kijiji alikuwa ameisomea kwa lugha isiyosemwa katika mkutano huo. Umbo la mtihani lilikuwa hoja za kuhesabu: eleza mambo sita, taja faida tano. Orodha haina mbishi hata wa kuigiza. Tangu Januari 2024, mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima linalofundishwa kwa Kiswahili, na mimi nalifurahia hilo bila kificho. Lugha ya mkutano imeingia darasani. Lakini Kiswahili kinaweza kubeba orodha vilevile kama Kiingereza.

Wapo waliojaribu umbo jingine, na walijaribu humuhumu wilayani Bagamoyo. Mwaka 1985 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Msoga, kijiji ambacho siku hizo kilikuwa chini ya Bagamoyo na sasa kiko Chalinze. Sanaa ya maonyesho kwa maendeleo, kama walivyoiita, haikwenda kijijini na tamthilia mkobani. Ilianza kwa kuuliza wanakijiji shida yao, ikatunga pamoja nao kwa ngoma na mbinu walizokuwa nazo, ikaonyesha uwanjani, kisha ikakaa kujadili. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaupeleka mtindo huo sekondari kwa mradi wa TUSEME, hasa kwa ajili ya wasichana: wanafunzi wachunguze kinachowakwaza shuleni, wakiigize mbele ya walimu na wazazi, wakijadili, wapange la kufanya. Kiumbo, tofauti kubwa na ngonjera iko mwishoni. Onyesho halina ubeti wa toba. Sehemu ya mwisho ni ya watazamaji, na haijaandikwa.

Umbo hilo nalo lina udhaifu wake. Mfadhili akishaleta ujumbe, mjadala hugeuka kuwa maswali ambayo majibu yake yako kwenye bango ukutani, na mwezeshaji akawa yule yule mjibu wa ngonjera, bila vina. Mimi siko tayari kuiacha ngonjera. Mchezo wa kuigiza hupita na uwanja ukafagiliwa, ubeti hubaki. Na Bagamoyo ina mahali pa kuufanyia kazi: Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Ningependa walimu wa somo jipya wakae pale wiki mbili na watu wa ngoma na jukwaa wajifunze kazi moja tu, namna ya kufunga.

Kielelezo wanacho watoto wenyewe, barazani, jioni. Kitendawili! Tega. Anayeshindwa kujibu anadaiwa mji, na hapati jibu mpaka atoe. Utanzu huu mdogo unajua kitu ambacho ngonjera ya mahafali imesahau: asiye na jibu ndiye anayelipa. Katika ngonjera mwenyekiti hana hoja, halafu anayelipa ni mbishi.

Niliwahi kukaa na walimu wachache, tukauweka ubeti ule ubaoni, nikawaomba wajibu bila kutumia neno umoja. Walinyamaza kitambo. Mmoja alisema haiwezekani, vina vitakufa. Tukaanza kuokota maneno ya ja: haja, daraja, faraja, subiri utakapokuja. Kisha mwalimu wa kike aliyekaa nyuma akasema, taja. Tukatazamana. Mjibu akilishika neno hilo, lazima ataje kitu, la sivyo mshororo haufungi. Tuliandika mmoja kabla kengele haijalia:

Fedha mlizozileta, bei na siku nataja.

Mitatu iliyobaki tuliiacha wazi, mpaka mwenye hesabu apatikane.