Kwa Mafundi wa Ngozi wa Ngara

Kambi ya Lukole huko Ngara, iliyohifadhi wakimbizi wa Burundi, ilifungwa mwaka 2008. Mimi nawakumbuka zaidi mafundi viatu wa kambini. Msharasi, uzi wa nailoni uliopakwa nta, kipande cha ngozi ya ng'ombe: basi, mkanda umepatikana.

Mwenye bastola ya leseni, anayepaswa kuificha chini ya shati, awaendee mafundi kama hawa ampatie mkanda. Bastola ni nzito. Mkanda laini hupinda, ala ikaning'inia na silaha ikaonekana. Fundi huikunja ngozi, huisikiliza, hukataa ya tumboni kwa kuwa hulegea, huchagua ya mgongoni. Kisha hushona kingo mara mbili, kwa mkono, bila haraka. Bizimu huwa ya shaba.